Niliyojifunza Nikipaka Mwanga kwenye Upanga wa Plastiki

Duka lolote la visanamu vya kivita litakuuzia kichupa cha rangi ya fedha. Unatikisa, unafungua, unapaka, na upanga wa askari wako unameta. Ukiugeuza mkononi unameta zaidi. Ukiupiga picha, umekuwa kijivu. Rangi ile ina chembe ndogo mno zinazorudisha mwanga wa chumba chako, na chumba chako hakijui kwamba askari yule yuko vitani, jua liko begani kwake na moshi uko mbele yake. Kwa mchezo wa mezani inatosha kabisa, wala simcheki anayeishia hapo. Mimi nilitaka upanga ambao mwanga wake umechorwa, wala haukuazimwa kwenye taa. Kulifikia hilo kumenigharimu pesa, macho na usingizi, na sehemu kubwa ya gharama hiyo haikuwa ya lazima. Ndiyo maana naandika.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Nottingham, kazi yangu ni kutunza wazee, mara nyingi zamu za usiku. Aliyewahi kukaa Uingereza mwezi wa Januari anajua kwamba saa kumi jioni giza linaanza kuingia, na mtu asiye na ndugu jirani anahitaji kitu cha kushughulisha mikono. Games Workshop, kampuni inayotengeneza Warhammer, mchezo wa mezani wa visanamu vya kivita, ina makao makuu yake katika mji huu, upande wa Lenton, na hapo kuna kumbi za maonyesho zilizojaa visanamu vilivyopakwa na mabingwa. Kampuni hiyo ina mashindano yaitwayo Golden Demon, yaliyoanza mwaka 1987, na mshindi wa jumla hupewa upanga halisi wa chuma, mrefu, wa kushika kwa mikono miwili. Nikaona jambo la kuchekesha: unahangaika na upanga unaolingana na kucha ya kidole gumba ili upewe ule usioweza kuupachika popote nyumbani.

Lakini mbele ya kabati la vioo sikucheka. Kulikuwa na upanga wa namna hiyo, mdogo, umepakwa kwa rangi za kawaida tupu, nyeusi, buluu, kijivu, nyeupe, na macho yangu yalikataa kuukubali kuwa plastiki.

Mbinu hiyo ya kuchora chuma bila rangi ya chuma ilipata umaarufu mkubwa kwenye visanamu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kupitia wapakaji wa kampuni ya Rackham ya Ufaransa. Asili yake ni ya kale zaidi. Ukifika London, ingia National Gallery, jumba la picha, kiingilio ni bure, uwatafute Waholanzi wa Haarlem wa karne ya 17, kina Pieter Claesz na Willem Claesz Heda, waliochora vikombe na sahani za fedha mezani. Sogea karibu mpaka mlinzi aanze kukutazama. Hakuna fedha pale. Kuna kahawia, kuna kijivu kilichochafuka, kuna weusi mwingi kuliko ulivyotarajia, na kidoa kimoja cha rangi nyeupe kilichowekwa kwa mkono usiotetemeka. Nilijifunza zaidi kwa nusu saa pale kuliko kwa video nyingi nilizotazama kitandani.

Jambo lenyewe ni hili: bapa la upanga ni kioo. Halina rangi yake. Linaonyesha kilicho mbele yake, na mahali pengi mbele yake pana giza. Chukua kisu cha jikoni, zima taa ya chumba, washa taa moja ya mezani, kisha ukigeuze kisu polepole. Utaona mstari mmoja wa mwanga unakimbia kutoka mpini hadi ncha, na sehemu nyingine yote ni nyeusi au karibu na nyeusi. Ukikigeuza kidogo tu, mstari umehama. Upanga wenye mgongo katikati, ule wenye mabapa mawili upande mmoja, ndio mwalimu bora zaidi, kwa sababu bapa moja likipata mwanga la pili halipati. Kwa hiyo juu ya mgongo ule, weupe mkali kabisa unakutana na weusi mkali kabisa, na baina yao hakuna hata unywele. Hapo ndipo jicho linapodanganyika likasema: chuma.

Mimi miezi ya mwanzo nilikuwa nikilainisha kila kitu, kijivu kikiyeyukia kijivu kingine, nikijisifu kwa ulaini. Mzee mmoja wa kilabu tunachokutania jioni, mtu wa maneno machache aliyekuwa fundi mashine kabla ya kustaafu, aliushika upanga wangu akautazama kwa lenzi yake. "Umepaka wote ung'ae," akasema, "kwa hiyo hakuna panapong'aa." Akanirudishia, akaendelea na chai yake. Niliudhika usiku kucha, na kazini nikawa nageuzageuza kijiko cha chai chini ya taa ya korido huku wazee wamelala. Alikuwa na haki.

Tangu hapo hesabu yangu ni hii: nusu ya bapa iwe giza, buluu iliyokolea karibu na nyeusi. Robo iwe rangi ya kati. Inayobaki ipande hadi kijivu cheupe, na nyeupe safi ipate sehemu ndogo sana, kidoa tu mahali mwanga unapogonga na uzi mwembamba kwenye makali. Bapa la juu likiwa jeupe karibu na ncha, la chini liwe jeupe karibu na mpini. Yabadilishane. Na kabla ya kugusa brashi, amua jua liko wapi, uandike kwenye kipande cha karatasi: juu kushoto, mbele. Usipoandika, ukirudi kazini kesho yake utalipaka bapa la pili kwa jua jingine, na upanga utakuwa na adhuhuri mbili.

Sasa pesa. Brashi nzuri zinatengenezwa kwa nywele za mkia wa kicheche wa Siberia, huitwa Kolinsky, na moja huuzwa zaidi ya pauni 10. Zile za Winsor & Newton, Series 7, zina historia ya kujivunia, maana zilibuniwa mwaka 1866 kwa ajili ya Malkia Victoria. Nunua moja, namba 1 au namba 2. Usinunue namba 000 ukidhani udogo wa brashi ndio udogo wa mstari. Mstari mwembamba unatokana na ncha kali, na brashi ndogo kupita kiasi inabeba rangi kidogo mno, inakauka kabla haijafika kwenye plastiki. Mimi nina kopo zima la brashi hizo ndogo, naziangalia kama mtu anavyoangalia risiti. Brashi yako nzuri usiizamishe kwenye rangi hadi kwenye bati lake, maana rangi ikikauka ndani ya bati nywele zinapanuka na ncha haitarudi. Ioshe kwa sabuni ya brashi, iache imelala au ncha ikiwa juu.

Kitu kilichonila zaidi ni brashi ya hewa, ile inayopuliza rangi, na kompresa yake ya kuisukumia hewa. Kila mtu mtandaoni anayo, kwa hiyo nikaona bila hiyo siwezi. Ni chombo kizuri kwa praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine, na kwa uso mpana, ukiweka shinikizo karibu psi 20, ukivaa barakoa na kufungua dirisha. Kwa bapa la milimita 15 lenye pande mbili zinazotaka mpaka mkali katikati, inanyunyiza kila mahali usipotaka. Kompresa ilikuwa ikinguruma mchana, wakati ambao mtu wa zamu za usiku hulala, na jirani yangu wa chini naye ni wa zamu za usiku. Niliiuza kwa hasara. Shangazi yangu, niliposhikamoana naye kwa simu na kumweleza mkasa huo, akaitikia marahaba kisha akanyamaza kidogo. "Mwanangu," akasema, "mashine ya upepo, ya kupakia rangi mwanasesere?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, na mpaka leo sina.

Vitu ambavyo kweli unavihitaji ni vya bei ndogo. Kopo bapa lenye kifuniko, la kubebea chakula. Ndani weka sifongo jembamba la jikoni au tishu nene zilizokunjwa, umwagie maji, juu yake utandaze karatasi ya kuokea keki. Rangi yako ya akriliki ukiiweka juu ya karatasi hiyo haikauki kwa saa kadhaa, na ukifunika inaweza kulala hadi kesho. Kwa walioko Dar, Mombasa au Tanga kwetu, hicho si kitu cha hiari, kwa joto lile rangi ya akriliki inakauka kwenye brashi ukiwa bado unatafuta miwani. Badilisha maji mara kwa mara, la sivyo yanaanza kunuka na ukungu unaota. Na rangi haina haja ya kuwa na jina la mchezo fulani juu yake. Rangi za Citadel, zile za Games Workshop, na za Vallejo ya Hispania zote ni nzuri, ila mtu wa Dar anayepata akriliki nzuri ya wachoraji kwenye duka la vifaa vya sanaa anaweza kufanya mazoezi haya yote kwa rangi tano: nyeusi, nyeupe, buluu, kahawia na manjano.

Wala usijifunzie kwenye kisanamu ulichokinunua kwa pesa ya maana. Tafuta visu vya plastiki vya kwenye sherehe, vile vinavyotupwa. Vipake praima nyeusi au kijivu, kata ncha iwe kali ukitaka, halafu chora mwanga juu yake. Kisu kile ni kipana, kwa hiyo unaona makosa yote, na ukiharibu unachukua kingine. Nilivyokuwa navyo vilijaa droo. Kwa mtazamo wangu hakuna zoezi lenye faida kubwa kuliko hili, na hakuna ambalo watu hulidharau zaidi, kwa sababu halipigwi picha likapendwa.

Ulaini wa mwanga unaofifia kuelekea gizani hauji kwa kuchanganya rangi mbichi juu ya plastiki. Akriliki haikupi muda huo. Unaupata kwa makoti mepesi, rangi iliyotiwa maji au maji maalumu ya akriliki mpaka inapita mwanga, koti juu ya koti, kila moja likauke kabisa. Hapo kwenye kukauka ndipo subira ya watu wengi inapokatikia. Koti lililokauka nusu ukilipitia linachanika na kuacha kovu ambalo hakuna rangi itakayolifukia. Mimi nawasha kikausha nywele kwa upole, au napaka panga mbili kwa zamu, hii ikikauka nashika ile. Kabla brashi haijagusa kisanamu iguse tishu kwanza, ibaki na unyevu tu. Halafu jambo ambalo sikulisoma popote mpaka mkono wangu ulipolijua wenyewe: brashi huacha rangi nyingi pale inapoinuliwa. Kwa hiyo ukitaka kung'arisha, vuta kuelekea kwenye mwanga na uinulie hapo. Ukitaka kutia giza, vuta kuelekea gizani. Ukivuta kinyume utapata madoa mahali pasipotakiwa, nawe utailaumu rangi.

Nyeupe ina shida yake. Ukiipaka nyepesi inageuka unga kama chaki, ukiipaka nzito inaacha matuta. Dawa yake ni kuchelewa kuifikia. Panda kwa kijivu cheupe chenye tone la buluu, kisha rangi ya pembe ya ndovu ukitaka upanga wa jua la jioni, na nyeupe safi ije mwisho kabisa, koti moja au mawili, mahali padogo. Na chini ya bapa, upande unaotazama ardhi, tia kahawia kidogo sana. Chuma huchukua rangi ya udongo unaokanyagwa. Wachache wataliona, lakini usipolitia upanga unaonekana umekatwa kwenye picha nyingine ukabandikwa.

Baada ya chuma nikaingia kwenye panga zinazowaka, zile zenye nguvu za umeme au moto, ambazo mwanga wake unamwagika hadi kwenye mkono na uso wa mwenye kuzishika. Hapa kanuni zinapinduka, na ni rahisi kuchanganyikiwa. Kwenye chuma cha kawaida sehemu zilizoinuka ndizo zenye mwanga na mabonde yana giza. Kwenye kitu kinachowaka kutoka ndani, mabonde ndiyo yenye mwanga mkali na kingo za nje ndizo zinazopoa. Watu wengi hupaka moto kwa nyekundu ndani na manjano kwenye kingo, kwa sababu mkono umezoea kung'arisha kingo. Nenda ukamtazame mhunzi. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji, Nairobi, hawahitaji kipimajoto kujua chuma kimefikia wapi, rangi inawaambia. Vitu vigumu huanza kutoa mwanga mwekundu hafifu unaoonekana vinapofika takriban nyuzi 525 za Selsiasi, jambo lililoelezwa na mwanasayansi John William Draper mwaka 1847, na kadiri joto linavyopanda rangi huenda kwenye chungwa, kisha manjano, kisha kuelekea nyeupe. Basi mahali penye joto kali zaidi pawe manjano nyeupe, na wekundu uwe ndio mwisho, pale chuma kinapoanza kupoa.

Kumwaga mwanga huo juu ya askari ndiko kulikonitoa jasho. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, hauzunguki kona. Sehemu ambayo isingeuona upanga kama ingekuwa na macho, isipate rangi hata chembe. Na hupungua haraka: ukiwa mbali mara mbili kutoka kwenye chanzo kidogo, unabakiwa na robo tu. Kwa hiyo vidole vilivyoshika mpini vinapata mwingi, kidevu kinapata kidogo, na goti karibu na hakuna. Usikisie. Chukua taa ndogo kabisa ya LED, iweke mahali pa upanga, zima taa nyingine zote, upige picha kwa simu. Picha hiyo iwe mbele yako unapopaka. Ningeifanya tangu mwanzo badala ya kubuni, ningeokoa askari kadhaa waliogeuka buluu mwili mzima mithili ya walioanguka kwenye ndoo.

Kuna mambo mawili ya rangi ambayo mafunzo mengi huyaruka. Kwanza, mahali panapopata mwanga pasing'ae kuliko chanzo chenyewe. Shavu la askari likiwa jeupe kuliko upanga, mtazamaji atadhani shavu ndilo linalowaka. Pili, mwanga wa rangi haukai juu ya nguo jinsi rangi inavyokaa. Nguo nyekundu ni nyekundu kwa sababu inarudisha wekundu na kumeza rangi nyingine. Ukiimulika kwa mwanga wa buluu, haina cha kurudisha, itakuwa nyeusi yenye zambarau kwa mbali. Ukipaka buluu angavu juu ya joho jekundu umechora doa, hukuchora mwanga. Nguo za kijivu, nyeupe na ngozi ndizo zinazopokea vizuri. Mimi sasa nachagua rangi ya joho baada ya kuchagua rangi ya upanga, na naona nimechelewa kulijua hilo.

Na askari mwenyewe awe gizani. Hili ndilo linalouma, maana umeshampaka vizuri, vifungo, ukosi, kila kitu, na sasa unatakiwa umfunike kwa koti jepesi la buluu nyeusi mpaka kazi yako ya juma zima iwe haionekani sawasawa. Mshumaa uliowashwa mchana hauonyeshi kitu. Nimewaona watu wakinunua rangi za kung'aa za kila aina ili upanga uwake zaidi, kumbe walichotakiwa ni kuondoa mwanga kwingine. Nilipoanza kupaka giza kwanza, na upanga mwisho, ndipo watu kilabuni walipoanza kuuliza kama nimeweka betri.

Mwili nao una bei yake. Shingo ilinikaza mpaka nikaenda kwa daktari, akaniambia niinue kazi ije machoni badala ya mimi kuinamia meza, basi nikatengeneza kijukwaa cha vitabu. Taa moja nyeupe ya mchana, isiyohama mahali pake, maana ukiisogeza katikati ya kazi hutajua tena kivuli kipi ni chako na kipi ni cha taa. Miwani ya kusomea ya bei nafuu ilinifaa kuliko lenzi ya kichwani iliyonipa kizunguzungu. Na usipake mwanga baada ya zamu ya usiku. Rangi ya chini pakia, praima pakia, osha brashi, lakini makali ya upanga yaache mpaka umelala.

Mwisho wa kazi ni vanishi, na hapa pia pana mtego. Vanishi inayong'aa inaurudishia upanga mwanga wa chumba, ukagombana na ule uliouchora. Tumia isiyong'aa, makoti mepesi, siku isiyo na unyevu mwingi, maana kwenye unyevu vanishi ya kopo la kupuliza inaweza kuacha ukungu mweupe juu ya weusi wako wote. Ijaribu kwanza kwenye kile kisu cha plastiki.

Kazi niliyo nayo mezani sasa ni askari wa Oman mwenye jambia. Nilidhani baada ya panga zilizonyooka jambia litakuwa jepesi, na nimekwama. Bapa lililopinda halishiki mwanga mrefu, linaushika kwenye tumbo la mpindo tu, halafu mgongo wa katikati unaukata. Binamu yangu wa Unguja ana jambia la babu yake mzaa mama, nikamwomba aligeuze polepole dirishani huku akirekodi kwa simu. Video imefika. Mwanga unakatika mapema sana kuliko nilivyochora, na karibu na ncha pana mstari wa pili mwembamba ambao sikuufikiria kabisa, kwa hiyo bapa la juu nalirudisha kwenye buluu nyeusi na kulianza upya.